Kirusi Kilichojishona Upindoni

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya ishirini na nne tangu uboho wa mifupa yangu uingie mwilini mwa mdogo wangu, mgonjwa wa saratani ya damu. Chembe nyeupe za damu zimeanza kupanda! Wiki iliyopita hapakuwa na kitu, leo zinahesabika. Mama aliposikia alikaa chini pale pale kwenye korido ya wodi, akalia kwa furaha mpaka muuguzi akamletea kiti.

Kazini, balaa. Tunaandaa kipimo kipya cha kirusi cha jamii ya hapesi, namba sita, kile kinachowapa watoto wachanga homa ya siku tatu na vipele. Karibu kila mtu hukipata kabla ya kutimiza miaka miwili, kwa mate ya wanaomlea na kumbusu. Kisha kinajificha maisha yote. Kwenye damu ya mtu mzima mwenye afya hakionekani, au kidogo mno. Kwa hiyo, kama sampuli safi ya kulinganishia, nikachukua damu yangu mwenyewe. Maabara nzima tunafanya hivyo. Damu yako iko karibu, haina fomu wala foleni.

Sampuli "safi" ikawaka kwenye skrini, yaani kirusi kimo, kuliko za wagonjwa wote. Bosi wetu — tunamwita Mama Usafi, na si kwa kumsifu — akasema nimechafua vifaa. Mimi! Miaka kumi na saba kwenye kazi hii!

Jumatano, 5 Machi

Tumesugua meza. Tumemwaga kemikali zote, tumefungua mpya. Damu yangu imewaka tena. Ya mwenzangu wa zamu — giza tupu. Mama Usafi ananitazama kama nimeingia jikoni kwake na viatu vya matope.

Jioni, wodini, kirusi hicho hicho! Hospitali hupimia maabara nyingine, na huko wamekikuta kwenye damu ya mdogo wangu. Kingi mno, na kinapanda kila siku. Ana homa kidogo. Daktari wa damu ameanza dawa kali ya dripu, mara mbili kwa siku. Alisema wazi kwamba dawa hiyo huumiza uboho, lakini kirusi kikiachwa kinaweza kuingia kwenye ubongo. Njiani Mama akaniuliza maana yake nini. Nikamwambia wanajua kazi yao.

Nimeshindwa kula.

Alhamisi, 6 Machi

Chembe nyeupe zimeshuka. Kirusi nacho kimeshuka. Daktari amefurahi, anasema dawa inafanya kazi. Mdogo wangu hana nguvu hata za kunitania, naye hajawahi kukosa.

Ijumaa, 7 Machi

Mungu wangu.

Sikuhesabu kirusi peke yake leo. Nimehesabu na chembe nyeupe. Kwenye kitone cha damu yangu cha ukubwa wa kichwa cha pini, chembe nyeupe elfu tano, virusi elfu tano na kidogo. Nikarudia. Sawa bin sawa. Mara ya tatu, hivyo hivyo! Ugonjwa hauna nidhamu hiyo. Ugonjwa haupiti nyumba kwa nyumba ukiacha kirusi kimoja kila mlango.

Nikang'oa unywele wangu, nikapima shina lake. Limewaka. Nikakata ukucha. Umewaka! Nywele na kucha, vitu ambavyo damu haijai wala kirusi hakina shughuli navyo.

Nimesoma mchana kutwa. Yapo maandishi, ila ni machache na ya kuchosha. Kirusi hiki kina tabia moja ya ajabu: kinaweza kujishona kwenye ncha ya kromosomu, pale uzi wa urithi unapoishia, kama upindo wa nguo. Na ikitokea kimejishona kwenye yai au mbegu ya mzazi, basi mtoto anazaliwa nacho katika kila chembe ya mwili wake. Kila chembe! Moyo, jicho, ulimi. Naye atampa mwanawe, si kwa mate wala kwa busu, kwa kuzaa tu, kama pua. Mtu mmoja katika kila mia, takribani. Wengi hawajui mpaka wanakufa.

Nilikaa kwenye stuli, nikahesabu vizazi kurudi nyuma. Pengine babu wa mababu zangu, wa kale kabisa, kabla hakujawa na mji wala kitabu, alikuwa kichanga chenye homa ya siku tatu, kikibembelezwa. Kirusi kikajishona kwenye mbegu zake. Na sasa kinanisoma nikikisoma! Nimetumia kirusi kuangalia kirusi, maana hata jicho langu kimo. Nilicheka peke yangu maabara.

Kisha nikaacha kucheka. Uboho!

Kila chembe nyeupe inayoota mwilini mwa mdogo wangu ni yangu. Inakuja na kirusi chake ndani. Kirusi kinapanda kwa sababu uboho unashika! Kilichowatisha ndicho kilichopaswa kuwafurahisha. Na dawa inaua uboho, chembe zinapungua, virusi vinapungua pamoja nazo, nao wanasema dawa inafanya kazi.

Jumamosi, 8 Machi

Nilimkuta daktari kwenye ngazi. Nilimwaga maneno kama maharage gunia likipasuka. Alinisikiliza, nampa haki yake. Alisema amewahi kusoma habari hiyo, hajawahi kuiona. Alisema pia kwamba hata kirusi kilichoshonwa huweza kuamka, na homa ipo, na akisimamisha dawa kwa maneno ya dada wa mgonjwa halafu mgonjwa afe, nani atajibu? Nimletee ushahidi Jumatatu. Akaandika dozi za kesho mbele yangu. Nilitaka kumkaba.

Ushahidi basi. Mdogo wangu hana hata unywele mmoja, dawa kali za kabla ya kupewa uboho zimekwisha kung'oa nywele zote. Muuguzi akanipa kucha zake kwenye kichupa, na damu yake kidogo kwenye kingine. Kucha bado ni zake yeye, si zangu. Zikiwa giza na damu ikiwaka, basi kirusi kimetoka kwangu.

Nikaenda kwa Mama kutafuta nywele, nijue tumekitoa wapi. Nilimweleza taratibu. Akasema:

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyemwambukiza mwenzio."

"Mama, si kumwambukiza. Nimezaliwa nacho."

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, wala hakunitazama.

Iliniuma. Inaniuma hadi sasa ninapoandika. Nilimwambia hiki hakili mtu, kimekaa tu, dawa ndiyo inayokula. Baadaye akainamisha kichwa mwenyewe.

"Ng'oa za mvi. Nyeusi usiguse, zimebaki tano."

Jumapili, 9 Machi

Mama Usafi alikuja kufungua maabara mwenyewe, siku ya mapumziko, na kitambaa cha kusugulia begani. Hakuomba radhi. Alisema tu tufanye mara mbili, tena kila mtu kwa mkono wake.

Damu ya mdogo wangu: chembe na virusi, sawa kwa sawa. Kucha zake: giza. Nywele za Mama: giza. Majibu ya Mama Usafi na yangu yamelingana.

Basi ni Baba.

Baba, aliyekufa Mama akiwa na mimba ya mdogo wangu. Picha moja tu tunayo, nayo imeungua pembeni. Wazazi hugawa nusu kwa nusu: mimi nilipata kromosomu ile yenye kirusi, mdogo wangu akapata ile nyingine. Miaka yote analalamika kwamba mimi nilimjua, mimi nina kicheko chake, yeye hana kitu. Na sasa, kwa uboho huu, hata yeye anacho. Nililia, Mama Usafi akajifanya anasugua sinki.

Nilimpigia simu mdogo wangu, nikamweleza yote. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Kumbe mzee kaingia kwa mlango wa nyuma," akasema. Halafu: "Dada, wasimtoe."

Dozi mbili zimeingia leo.

Jumatatu, 10 Machi

Saa saba na nusu. Nimekaa kwenye benchi nje ya wodi, daftari magotini. Chembe za asubuhi zilikuwa chache kuliko siku zote. Zikishuka tena, uboho utakuwa umekwisha, na mwili wake hauna nguvu za kupokea wa pili. Dozi ya mchana ni saa nane kamili.

Daktari anayo karatasi yangu na ya Mama Usafi. Ameisoma amesimama, kisha amekaa akaisoma tena. Amempigia simu mwenzake, daktari wa magonjwa ya kuambukiza, nikasikia akisema "kirusi kimoja, ndiyo, kwa kila chembe" — na sauti yake haikuwa ya ubishi. Ilikuwa ya mshangao, kama wangu wa Ijumaa.

Saa nane kasoro tano. Muuguzi ameingia na mfuko wa dripu. Mama ameshika mkono wangu, amenibana mpaka kalamu inayumba.

Saa nane na dakika sita. Mlango. Muuguzi ametoka, mfuko bado uko mkononi mwake. Umejaa! Umejaa, haujaguswa, ananipungia niingie, na nyuma yake namwona daktari ameinama kitandani na tochi yake ndogo, anamulika macho ya mdogo wangu, anamuuliza kitu, naye anamtania.