Abiria wa Riksho Ashushwa Tengeru

Dada Zuhura, shikamoo. Huku ni baridi na ndizi nyama, nami nimenenepa. Kaburu kaanguka, na jana wachezaji dansi wa Durban walifika hadi soko la Tengeru kuwaenzi Wazulu waliovutishwa riksho, vile vigari vya abiria vya kukokotwa na mtu, enzi za ubaguzi. Mvutaji alijifanya anapanda mlima, akihema, nyuma kaketi mwenzake aliyevaa kinyago cha mzungu. Muuza ndizi mmoja akaacha tenga lake, akaenda kusukuma kama tunavyosaidia mkokoteni. Kumwona abiria, akafoka: "Kumbe una miguu, baba! Shuka usukume na wewe!"

Abiria yule hajui Kiswahili, lakini alishuka, akasukuma. Soko zima vigelegele! Makala zangu zote kali za gazetini dhidi ya makaburu hazijawahi kumshusha hata mmoja.

Mungu akuponye goti.

Mdogo wako,
Hamisi