Kwa Nini Shangazi Eularia Hapokei

Jumatatu, wiki ya tatu ya Kwaresima. Mbinga.

Mvua imenyesha tangu alfajiri na ukungu bado umelala juu ya mibuni. Nilipanda huku jana baada ya Misa kufuata vitabu vya shule. Gari la kurudi Lituhi halijapata abiria, basi nimeingia kwenye chumba cha intaneti nyuma ya duka la pembejeo, sweta limeloa, naandika.

Nikiri kwanza: mimi ni mdadisi. Masista wenzangu hunitania kwamba hata mbinguni nitaingia na maswali kabla ya salamu.

Nafundisha sayansi katika sekondari ya parokia yetu kule ziwani. Jumamosi huenda kumsaidia Shangazi Eularia kushona. Kijiji kizima kinamwita Shangazi. Amevuka miaka sitini. Kila mwaka hushona magauni ya watoto wa Komunyo ya Kwanza, na tangu mitumba ilipoanza kujaa mnadani huyakata kwenye mashuka meupe ya Ulaya, mazito, ambayo zamani hatukuyaona hata dukani. Vitambaa vya altare anafua yeye. Misa hakosi.

Lakini Komunyo hapokei.

Mwaka wangu wa kwanza nilidhani ni mambo ya ndoa. Huku kwetu mtu asipokomunika watu hukisia ndoa, kisha hunyamaza kwa adabu. Lakini Shangazi hakuwahi kuolewa. Mwaka wa pili nikadhani ana kinyongo na mtu. Mwaka huu nimeshindwa kuvumilia.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa wawili tu kibarazani kwake, yeye anapiga pindo, mimi nafumua uzi. Nikamwuliza.

Cherehani ikasimama.

"Umechelewa kuuliza, Sista," akasema. "Ila wenzako waliotangulia hawakuuliza kabisa."

Akanieleza nisichokitegemea. Alikuwa mnovisi, mtawa mwanafunzi wa shirika letu hili, huku milimani, kabla sijazaliwa. Ilibaki miezi michache aweke nadhiri. Ikaja habari kwamba mtumbwi wa kaka yake umepinduka, kaka na wifi wamekufa maji, na watoto wanne wamebaki na bibi yao asiyeona. Akaomba ruhusa akawalee. Sista mlezi wake, sijui kwa hasira au kwa uchungu wa kumpoteza, akamwambia langoni: "Ukitoka hapa, umeiacha meza ya Bwana."

Akatoka. Akawalea wote wanne. Na maneno yale akayashika kama yalivyosemwa: hakukomunika tena.

Karibu miaka arobaini.

Mimi mtawa najua kwamba mnovisi hana nadhiri, anaweza kuondoka bila kosa lolote. Hata hivyo nilikwenda kwa Paroko kuhakikisha. Alisikiliza, akavua miwani. Akasema kizuizi hakipo, na hakijawahi kuwapo. Aungame kama Mkristo mwingine yeyote, apokee.

Nikaenda kwa Shangazi karibu nikikimbia. Nilidhani napeleka furaha.

Alilikunja gauni alilokuwa akilishona, polepole, mkono juu ya mkono. Kisha akauliza, "Kwa hiyo nilinyimwa na nani, Sista?"

Akaliweka gauni juu ya cherehani.

"Mimi nilikuwa namwambia Mungu, hii njaa ndiyo nadhiri yangu. Sasa unaniambia hakuiomba."

Akaniomba nimwache peke yake.

Wiki nzima hakuonekana kwenye Misa ya asubuhi. Darasani nilifundisha moyo wa chura huku wangu ukinigonga. Nilitaka sana kujua, lakini sikuwahi kujiuliza jibu litamfanya nini mwenye jibu. Nimeona haya kuliandika hili. Nimeliandika.

Juzi Jumamosi nilipita kanisani kupanga vitabu vya nyimbo. Kwenye benchi la wanaosubiri kuungama, katikati ya watoto wa darasa la nne, alikuwa amekaa Shangazi, kitambaa cheupe kichwani. Nikatoka kwa mlango wa pembeni.

Jana, wakati wa Komunyo, alisimama. Akaingia kwenye mstari. Damasi, mkubwa wa wale watoto wanne, sasa mvuvi mwenye mvi, ndiye besi wa kwaya yetu. Alipomwona sauti ikamkatika, na wimbo ukaendelea bila besi hadi mwisho.

Baada ya Misa nilimwendea. "Tumsifu Yesu Kristo, Shangazi."

"Milele amina." Akanishika mkono. Wake ulikuwa baridi. "Mapindo hayajaisha. Jumamosi uje. Ila leo usiniulize kitu."

Nikaenda kupanda gari la Mbinga.

Yule sista mlezi alikwisha kufariki, Mungu amrehemu. Lakini mtu wa shirika letu lazima amwombe Shangazi msamaha, na sioni mwingine aliye karibu kuliko mimi. Jumamosi, kabla sijashika sindano, nitapiga magoti.