Kofi Nililompiga Baba Mkwe

Marketta, shoga yangu, nimempiga baba mkwe kofi! Ndiyo, Oiva mwenyewe!

Nilikuwa nawarudisha yeye na mama mkwe kutoka kanisani. Kwenye ule mteremko wa ziwani gari likateleza kwenye barafu, likaanza kwenda kiubavu. Na mbele yetu lori la magogo linapanda!

Oiva, kiti cha mbele kando yangu, akapiga kelele, "Kanyaga breki! Kanyaga, we mwanamke!"

Breki juu ya barafu, Marketta, si ndiyo gari lizidi kuteleza! Nikaondoa mguu, nikageuza usukani polepole kuelekea ninakotaka kwenda. Gari likaanza kunyooka. Ndipo akadaka breki ya mkono ili aivute!

Nikamzaba kofi la mkononi, likalia paa! "Toa mkono, Baba!" Akautoa. Lori likapita, likatumwagia theluji kioo kizima. Tu wazima wote.

Sasa mume wangu Jarkko ananiambia nimwombe mzee radhi, eti nimemwaibisha. Simwombi ng'o! Aibu gani, na wazazi wake nimemletea wakiwa hai?

Basi mama mkwe, tukiwa mezani na kahawa, akaweka kikombe chini. "Jarkko, mwache mwenzio. Kofi hilo nimelitamani tangu niolewe. Na wewe Oiva, Jumapili utakaa nyuma."