Kabla Hajasema Achia

Marahaba, mume wangu mdogo. Huku Morogoro hatujambo. Mama yako amerudi jana kutoka Kinole na mdalasini, mvua imemlowesha chapachapa lakini anacheka tu.

Umeniuliza kama hiyo pampu uliyonunua ya kutoa upepo kwenye breki inatosha, usimsumbue mtu kukukanyagia pedeli. Mwenzio kazi hiyo niliifanya, bibi harusi wa miezi miwili. Marehemu babu yako alilala chini ya pikapu, mimi nakanyaga. Alinionya nisiachie mpaka aseme, maana nati ya kutolea upepo ikiwa bado imelegezwa, upepo utarudi ndani.

Siku moja nikageukia uji uliokuwa unafurika jikoni, mguu ukainuka. Babu yako hakujua, akakaza nati. Mama mkwe alikuwa ananitazama. Nikaona aibu kusema, nikarudisha mguu. Watu wakapanda na machungwa yao, tayari kuteremka mlima kwenda mjini.

Alipowasha gari, nikaenda kusimama mbele ya gari. "Niliachia mapema," nikasema.

Watu wakaguna. Yeye akazima gari, akachukua spana. "Haya, panda. Tuanze upya."

Tangu siku hiyo hakuteremka mlima ule kabla sijakanyaga pedeli na kumwambia, "Nenda."

Pampu itatosha, mjukuu wangu. Ila ukimaliza, kanyaga mwenyewe kabla hujaondoka nyumbani. Pedeli ikizama mpaka chini, ujue upepo bado umo, anza upya, hata kama watu wanakungoja. Pampu ikikosea, haitakuja kusimama mbele ya gari lako.

Bibi yako