Mama, Sheria Haimjui Boke

Mpendwa mama,

Shikamoo. Nilizoea marahaba yako kutoka jikoni kabla sijafika mlangoni, na hata sasa nikifika Susuni husimama kidogo nje kuisubiri. Anayetoka ni Boke, ana mwiko wa ugali mkononi, na binti zake wawili nyuma yake.

Barua hii ni yake pia. Ulimwoa kwa ng'ombe wako. Wageni watashangaa, lakini kwetu Wakurya mama asiye na mtoto wa kiume huweza kutoa mahari akaoa msichana, na watoto atakaowazaa na mwanamume wakahesabiwa wa nyumba ya mama huyo. "Sitaki baba zako wadogo wagawane shamba langu," uliniambia siku ng'ombe wanaondoka. Niliumia, mama. Nilikuwa mtoto wako, nimesimama mbele yako, na bado ulikuwa unatafuta mrithi.

Unakumbuka Krismasi ile Robi, binti wa mama mdogo, alipokuja kutoka Kehancha, ng'ambo ya mpaka, na Katiba ya Kenya kwenye simu? Tulikuwa tunapepeta ulezi. "Mama mkubwa, huko kwetu imeandikwa," akasema. "Mila ya kumnyima mwanamke shamba iondolewe. Kwenu je?" Nikamjibu kwa majivuno kwamba hata yetu ya Tanzania inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, na kila mtu ana haki ya kumiliki mali. Ukatuangalia, ungo mkononi. "Sasa huyo mwanamke wa Kenya akivuka hapo Sirari, haki yake wanaikagua forodhani?" Tulicheka mpaka ulezi ukamwagika. Boke peke yake hakucheka.

Ulipofariki, baba mdogo Marwa aliitisha kikao cha ukoo. Nilijiandaa kupambana na mila. Yeye akaja na sheria. "Serikali haitambui mwanamke kuoa mwanamke," alisema. "Si hapa, si Kenya. Huyu ni mgeni, arudi kwao." Mtu aliyekula nyama ya harusi ile! Nilikasirika, hasa kwa kuwa alisema kweli. Nilimpigia Robi. Akasema hata Katiba yao inataja ndoa ya mwanamume na mwanamke tu.

Zile haki nilizojivunia mbele yako zilinijua mimi, hazikumjua Boke. Mila ilimjua Boke, haikunijua mimi. Basi nikaenda mahakamani, pale Bomani, kudai shamba kama binti yako, Boke akiketi nyuma kama msindikizaji. Tulizungushwa sana, njoo leo, njoo wiki ijayo, lakini mwishowe shamba nikapewa. Nilitamani uwe hai unione. Nilitamani pia nikuulize kwa nini hukuniona mapema.

Tuliporudi Susuni, baba mdogo alikuwa uani na majirani. "Haya, umeshinda," akasema. "Sasa ni lako. Mtoe huyu."

Boke alipita akaingia ndani. Nilimkuta anakunja nguo za watoto. Blanketi lako alikuwa ameliweka pembeni ili asije akaondoka nalo.

"Dada, tuondoke leo, au utaturuhusu tuvune kwanza?"

Hakuuliza kwa uchungu. Aliuliza kama mtu aliyejua siku zote kwamba ataambiwa atoke. Mama, nililia kuliko nilivyolia kwenye mazishi yako. Kisha nikalichukua lile blanketi, nikalitandika kitandani kwake.

Nikatoka nje, nikasema mbele ya wote kwamba nusu ya shamba nampa Boke, na nusu yangu watairithi binti zake.

"Kwa mila ya nani?" baba mdogo akafoka.

"Ni mali yangu," nilimjibu.

Nilikuwa sijawahi kuyasema maneno hayo, mama, na sauti yangu ilitoka kama yako. Sijui kama ungefurahi, kwa kuwa mvulana uliyemtafuta hakuja. Lakini jikoni moto unawaka, na wajukuu zako wanalala wameshiba.

Pumzika, mama.

Ni mimi binti yako,
na dada wa mke wako.