Habari Niliyoishika Mlangoni mwa Atelie

Mpendwa baba Feza,

Juzi nilipita mbele ya atelie ya misheni, karakana ya mbao hapa Kasongo, na mashini yenu ilikuwa inalia. Sikuingia. Nilisimama kidogo barabarani, nikaendelea sokoni na muhogo wangu. Ulipo hakuna anayepeleka barua, lakini nimemwita binti yetu aketi aandike, mimi niseme.

Unakumbuka mashini hiyo ilivyokuja? Meza ya chuma, na katikati yake kisu kinachozunguka upesi hata jicho halikioni. Mafundi wa mji mliitumia kwa zamu, wakristo na waislamu, mkaiita tupi kama wazungu walivyoiita. Mimi nilikuja kuokota maranda ya kuwashia moto, nawe ulinieleza kazi yake kana kwamba kesho ningeifanya mwenyewe. Ubao unakwenda kukutana na kisu, haufuati upande kinakozungukia. Kipande kifupi kinasukumwa kwa kijiti, si kwa vidole. Mikono ya shati inakunjwa juu ya kiwiko. Anayemaliza anatoa mkanda wa injini kabla ya kumpisha mwenzake.

Kisha Saidi, rafiki yako wa Kabambare, akaitwa na mtu mlangoni akiwa mezani. Aligeuza kichwa tu. Vidole viwili vilikwenda. Toka siku ile mlikubaliana: hakuna kumsemesha mtu aliye mezani, hata kama ni padri anayemtaka.

Halafu ikafika asubuhi ya mama yako. Alikata roho jua likiwa bado chini, na dada yako Antonia akanituma: "Kimbia, umwambie mama hayuko tena."

Nilikimbia. Nilikukuta mezani na ubao mrefu wa mvule, umenipa mgongo. Nikasimama mlangoni. Ulisukuma polepole, kama kawaida yako. Ubao ulipokwisha ulichukua mwingine, nami nikaendelea kusimama. Antonia, aliyechoka kungoja, alinifuata, akanikuta kimya, akafungua kinywa akuite. Nilimziba kwa mkono wangu. Alinitazama kwa macho ambayo sijayasahau.

Ulipotoa mkanda na kisu kikanyamaza, uligeuka ukatuona.

"Kuko nini?"

"Mama amekwenda," nikasema.

Uliketi chini, kwenye maranda. Baadaye ukainuka, ukaanza kuchagua mbao za sanduku la kumzikia.

Matangani Antonia alisema mbele ya watu: "Huyu muke iko na roho ya jiwe. Alisimama na kifo mu kinywa, akaangalia mbao." Hakuna aliyenitetea. Wewe pia ulinyamaza, na nilidhani utanyamaza daima. Lakini siku ya kuanua matanga ulisimama, ukainua mikono yako miwili.

"Ndugu zangu, muangalie. Mikono hii ndiyo ilichonga sanduku ya mama. Antonia, kama mungeniita pale, sanduku ile ingechongwa na nani?"

Antonia hakunisalimia tena. Mvua zilikuja zikapita, akawa anaingia kwetu kukuona wewe tu, mimi akinipita kama nguzo ya nyumba.

Sasa nawe umekwenda, kwa homa, si kwa mashini. Watu wananiuliza mbona silii sana. Sijui niwajibu nini. Nalia kama ninavyofanya mambo yangu mengine, polepole, nikiwa na kazi mkononi. Ninachokosa si maneno ya mapenzi, hukuwa nayo mengi. Nakosa ulivyokuwa unanieleza kitu ukijua kwamba nitakielewa.

Wiki iliyopita Antonia alikuja. Alinikuta natwanga. Alichukua mchi wa pili, tukatwanga kwa zamu mpaka unga ukalainika. Alipofuta jasho akaniuliza, "Siku ile ya mama, ulijua namna gani utaweza kunyamaza?"

"Sikujua," nikamwambia.

"Miye ningelia tu," akasema, "na wewe ungekuwa muke wa fundi asiye na mikono. Nimechelewa kukuambia, wifi."

Tukasonga bugali, tukala sahani moja.

Pumzika, baba Feza. Nyumbani tuko wazima.

Mke wako,
mama Feza