Mvinyo wa Sarara na wa Mbavu

Dadangu Zuhura,

Shikamoo. Mimi mzima, ila joto la Bamburi na tai shingoni havipatani. Jana hapa hotelini Mjerumani na mkewe waliagiza steki, mume ya sarara, mke ya mbavu, wakaniuliza mvinyo mwekundu upi unafaa ipi. Mimi ninayejua sharubati tu! Nikajikaza: "Sarara ni laini, yataka mwepesi. Mbavu zina mafuta, zataka mkali wa kuyakata."

Wakaonja, wakafurahi. "Wewe umeanza kunywa lini?" mume akauliza.

"Wallahi, sijaonja hata tone."

Walicheka hadi meneja akaja. Leo nimefanywa msimamizi wa mvinyo! Mama mwambie nimepandishwa cheo. Cheo chenyewe usimtajie. Wabusu watoto.

Nduguyo akupendaye,
Athumani